Mji wa Mifereji na Chumba cha Mbele

Hockley, Birmingham
Jumatatu, 4 Septemba 2023

Dada Mwanakhamis,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, nimekula, nimekaa kwenye kiti kile kile cha dirishani. Binti yangu Saleha na wanawe huko Great Barr hawajambo. Watoto wananielewa nikisema nao, kisha wananijibu Kiingereza, kwa hiyo mazungumzo yetu ni mazuri mradi pasiwe na anayetaka jibu. Ishaka, atakayekuletea barua hii pamoja na miwani yako, bado anafunga mizigo ya watu pale Digbeth na kuipeleka Unguja, na bado anaapa kila safari kuwa ndiyo ya mwisho.

Simu yako ya Ijumaa niliipokea. Sikusema mengi kwa sababu nilisikia nyumba nzima inakohoa nyuma yako. Simu tuiache iwe ya salamu. Jambo nitaliandika.

Jambo lenyewe ni hili. Jengo ninaloishi, juu ya karakana nilimong'arisha pete za harusi za watu miaka thelathini na moja, linageuzwa kuwa fleti za vijana wenye baiskeli za kukunja. Tumepewa mpaka mwisho wa Februari. Saleha anataka nihamie kwake. Nilimwambia nitafikiri, nikafikiri, na sitaki. Nyumba yake iko karibu na barabara kuu ya magari, na sauti ya barabara ile ni kama mtu anayevuta pumzi aanze kuzungumza, asianze.

Basi natafuta mji. Nataka mji mdogo wa kando ya mto, wenye mifereji ya zamani. Mfereji mmoja unapita nyuma ya karakana, na mimi nimekula mkate wangu wa mchana kando yake maisha yangu yote ya kazi. Mifereji hii ilichimbwa kwa majembe, miaka zaidi ya mia mbili iliyopita, ipitishe makaa na chuma. Leo inapitisha bata. Nimesoma maktaba kwamba ukiifuata kuteremka utafika mto Severn, na pale inapokutana na mto ndipo ilipo miji. Nimeandika mitatu: Worcester, Gloucester na Stourport. Rafiki yangu Kishore, yule Mhindi wa Kisumu, ana gari na hana pa kwenda, atanipeleka.

"Sasa wewe unatafuta mji ama unatafuta mke?" aliniuliza. "Maana maswali yako ni yale yale."

Kuhusu lile uliloniuliza kwenye simu, tutazungumza.

Nduguyo,
Makungu


Kikwajuni, Unguja
2 Oktoba 2023

Makungu,

Marahaba. Miwani nimeipata na ninaona. Naona hata yasiyotakiwa kuonwa, kama vumbi la juu ya kabati. Huku sote wazima. Vuli bado inajifikiria. Bi Mwanaidi wa nyumba ya pili kapata mjukuu wa saba na majina yamemwishia. Tangi letu la maji la juu lilipasuka mwezi uliopita, tukakaa siku nne tunachota kwa ndoo, mpaka akaja Mzee Suhail akalitia kiraka. Ni yule aliyekuwa Idara ya Maji kabla hajastaafu, mkewe alifariki mwaka wa korona. Mtu mpole. Hakutaka ujira.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilikuuliza unakuja lini, umenijibu bata.

Chumba cha mbele nakifagia kila Alhamisi. Kitanda chako kimetandikwa, chandarua kimefuliwa, ufunguo ninao mimi. Ulisema ukistaafu utarudi. Umestaafu sasa mwaka wa tatu. Sikulaumu, nahesabu tu. Lakini kama ni kuhama, watu huhama kwenda kwao. Sijapata kusikia mtu wa Kikwajuni aliyezeeka akatafuta mtaro wa Mzungu akae kando yake.

Au kama huji kukaa, njoo kutembea. Siku tatu zinatosha. Hata mbili. Lakini iwe kabla ya Ramadhani.

Usiniulize kwa nini.

Dadako,
Mwanakhamis


Hockley, Birmingham
Jumapili, 29 Oktoba 2023

Dada,

Shikamoo. Mpe Bi Mwanaidi pongezi, mwambie jina la babu yake halijatumika, nimehesabu. Saleha hajambo, ila kanikasirikia kidogo kuhusu mji. Baridi imeanza kubisha hodi na mimi nimejifanya sipo.

Tulikwenda Worcester. Ni mji wa heshima. Kanisa kubwa limekaa juu ya mto kama mkwe aliyekuja bila taarifa, na chini yake mabata maji weupe wanatembea njiani bila kumpisha mtu. Ukutani karibu na mto wamechora mistari ya mafuriko, mwaka baada ya mwaka, maji yalifika hapa, yalifika pale. Nilipenda hilo. Mto umewaharibia nyumba, wao wakaupima kimo. Mfereji wa kutoka Birmingham unaishia hapo hapo mjini, na mashua nyembamba zimefungwa kando yake, zina vyungu vya maua juu ya paa. Hospitali ni dakika ishirini na tano kwa basi.

Dalali alikuwa msichana wa Kipunjabi, Jaspreet, mzaliwa wa hapa. Alitufungulia nyumba ya vyumba viwili, safi. Nikamwuliza:

"Majirani ni akina nani?"

Akatazama karatasi zake. "Madirisha ni mapya, anko."

"Nimeyaona. Lakini huyu wa kushoto ni nani? Wa kwao wapi? Anaishi na nani?"

"Sheria hainiruhusu kukwambia hayo."

"Basi niambie moja tu. Ana tabia gani?"

"Hutawasikia kabisa," akasema, na nikaona anasema kwa fahari.

Kishore akacheka mpaka akashika ukuta. "Dada, huyu anataka majirani wa kusikika!"

Unajua sisi hatuingii nyumba bila kuulizia jirani. Kwa hiyo nikatoka nikaenda kubisha mwenyewe mlango wa kushoto. Akafungua mama mmoja, mlango bado una mnyororo. Kabla sijasema akaniambia, "Sinunui." Nikamwambia siuzi. Akasema, "Basi sitoi." Nikamwambia sihitaji sadaka, nataka kuhamia hapo kando, nimekuja kujua ni watu gani. Akafikiri. Akaniambia ipo namba ya kupiga kwa mambo kama hayo, akafunga. Jaspreet alikuwa amesimama barabarani na ufunguo mkononi, uso wake umekuwa kama wa mtu aliyemleta mbuzi harusini.

Worcester tumeiweka kando.

Halafu dada, miaka yote uliniambia nirudi nisiondoke tena. Safari hii umesema siku tatu, kisha ukashuka hadi mbili. Kuna nini?

Nduguyo,
Makungu


Kikwajuni, Unguja
27 Novemba 2023

Makungu,

Marahaba. Mvua imekuja yote kwa siku moja. Tangi lilivuja tena, Mzee Suhail akaja akaliangalia. Wiki iliyofuata halikuvuja, akaja akaliangalia pia, akasema kiungio kinataka kubadilishwa. Alileta na maembe. Bi Mwanaidi alikuwa kibarazani kwake, akauliza kwa sauti ya mtaa mzima, "Tangi hilo linakula maembe?" Sikumjibu. Mtu wa umri wangu hajibu kila kitu.

Yule mama wa Worcester namwonea huruma. Mzee mgeni amesimama mlangoni anauliza una tabia gani. Hata mimi ningekwambia sinunui.

Kuna nini, unaniuliza. Wewe huniambii unakuja lini, mimi nikwambie kuna nini. Haya, nikuulize kitu kingine. Mtu akiwa mbali, na anatakiwa kwa jambo ambalo ni lazima awepo mwenyewe, karatasi yake inaweza kusimama mahali pake? Wewe ni msomaji, labda umepata kuliona. Mimi namwulizia mtu.

Chumba kimefagiwa.

Dadako,
Mwanakhamis


Hockley, Birmingham
Jumatano, 10 Januari 2024

Dada,

Shikamoo, na unisamehe. Barua yako ilinifikia Disemba mwanzoni na jibu limechelewa wiki tano. Nilikuwa na mafua. Sasa nimepona. Saleha alikuja kunipikia uji, akausimamia mpaka niumalize, kama askari.

Gloucester tulikwenda kabla ya mafua. Maghala makubwa ya matofali yamezunguka bandari ya ndani, mji wenye kifua. Hospitali iko pua na mdomo. Lakini Kishore alisema ni mbali, akija kunitembelea itabidi alale, na mimi nakoroma.

Jumapili iliyopita tulikwenda Stourport. Dada, huu ni mji ambao haukuwepo. Walichimba mfereji ufike mtoni, watu wakajenga pale ulipofikia, ukawa mji. Kwa hiyo hakuna mtu pale anayeweza kusema babu zake walikuwepo kabla ya maji. Una mabwawa kadhaa ya mashua, moja juu ya jingine, na mashua inashuka kwenda mtoni kwa milango ya maji: inafungiwa kwenye chumba cha mawe, maji yanapunguzwa, ikifikia usawa wa chini inafunguliwa. Kando ya mto pana bembea na farasi wa kuzunguka, vyote vimefungwa kwa baridi, vinatazamana.

Kwenye mlango mmoja wa maji palikuwa na bibi wa Kizungu, umri wako, amevaa viatu vya mvua. Nilimwuliza namna mlango unavyofunguka. Hakuniuliza mimi ni nani. Aliniambia, "Weka mgongo hapa usukume." Nikasukuma ule mti mrefu wa mlango, ukakataa kabisa. Akasema, "Hujachelewa wala hujakosea. Maji hayajalingana." Tukasimama. Akaniuliza natoka wapi, nikamwambia. Akaniuliza mifereji yetu ikoje, nikamwambia hatuna, tuna bahari. Akanionea huruma. Kisha akasema sasa, nikasukuma tena, mlango mzito kama gari la mizigo ukaenda kwa mgongo wa mzee mmoja.

Nyumba ni chumba kimoja na sebule, chini, hakuna ngazi. Hospitali ni dakika ishirini kwa gari. Birmingham ni saa moja kasoro, kama barabara haina balaa.

Lile swali la karatasi: linategemea jambo. Mwambie huyo mtu anayeuliza aseme ni jambo gani.

Tena nimehesabu. Katika barua mbili tangi limeangaliwa mara tatu, na mara moja halikuwa na kitu. Idara ya Maji ya zamani haikuwa na bidii hiyo.

Kuja kabla ya Ramadhani sitaweza, kwa sababu ya mambo ya kuhama.

Nduguyo,
Makungu


Kikwajuni, Unguja
29 Januari 2024

Makungu,

Marahaba ya haraka. Bi Mwanaidi mzima, mjukuu kapewa jina la babu, kama ulivyosema. Sasa tukae.

Mafua gani ya wiki tano? Mimi nimezitandaza barua zako kitandani kwako, nikavaa miwani uliyonipa. Kila mji umenipimia hospitali kwa dakika. Msikiti hujanipimia hata mmoja, wala soko, na wewe ni mtu uliyekuwa hupiti marikiti bila kumfunua kila samaki mashavu. Ishaka alipokuja nilimbana jikoni. Kasema alikwenda kwako Jumanne hakukukuta, Alhamisi hakukukuta, Jumamosi hakukukuta. Jumapili alikukuta, mkono mmoja una bandeji, ukamwambia umeungua na pasi. Tangu lini unapiga pasi? Mume wa Bi Mwanaidi alikuwa hivyo hivyo: siku tatu kwa wiki kwenye mashine ya kusafisha damu, mkono mmoja umefungwa, na kila akiulizwa ana mafua.

Kama ndivyo, usiniandikie. Kama sivyo, niandikie.

Na langu ni hili. Suhail kaniposa. Mimi nina miaka sitini na sita, nimekaa ujane miaka kumi na minane, na nilidhani mambo haya nimeyafungia sandukuni pamoja na kanga za zamani. Yeye ana sabini. Hatuna tunalotafuta ila mtu wa kunywa naye chai bila kumwalika. Nimemwambia kabla ya Ramadhani au basi, sitaki aje kufuturu kwangu kama fundi huku mtaa mzima unahesabu.

Baba hayupo, ndugu wa kiume ninaye mmoja. Walii wangu wa kuniozesha ni wewe. Fikiria aibu hiyo: nilikufunga nepi, nilikupeleka skuli kwa kukuvuta sikio, leo nikuombe ruhusa. Ndiyo maana nilikuwa nakuita siku tatu. Nilitaka ukae pale kwenye mkeka, umshike mkono, useme, iishe.

Nilikwenda kwa Kadhi. Kasema walii akiwa mbali hivyo, yeye mwenyewe anaweza kusimama akaniozesha, sheria inamruhusu. Nikamwambia hapana. Sitaki kuozeshwa kama mtu asiye na mwenyewe. Kaniambia basi nduguyo alete karatasi ya wakala, ya kumpa yeye Kadhi idhini, yenye jina lake, makaazi yake na mashahidi wawili Waislamu.

Imebaki moja, na hii ndiyo iliyonifunga mdomo miezi yote. Nyumba ya Suhail ameshawaachia wanawe. Atakuja hapa. Magoti yake hayapandi ngazi, na chumba changu kiko juu. Hapa chini chumba ni kimoja tu.

Sijakigusa. Ukisema unarudi, hata mwakani, Suhail nitamjibu hapana, na sitakuambia nilimjibu kwa sababu gani.

Dadako,
Mwanakhamis


Hockley, Birmingham
Ijumaa, 16 Februari 2024

Dada,

Shikamoo, na safari hii ujue nimeiandika nikiwa nimesimama.

Sote wazima. Saleha amekubali habari ya mji baada ya kuuona mwenyewe. Alisukuma mlango wa maji kabla ya wakati wake, akaumia mgongo, akaheshimu. Vitu vyangu vimo kwenye maboksi kumi na moja. Tunahama Jumatatu.

Uliniambia kama ndivyo nisikuandikie. Kwa hiyo hilo sikuandikii. Nitakuandikia kuhusu orodha. Hapa kuna orodha ya watu wanaosubiri figo ya mtu mwingine, na mimi nimo tangu Mei. Aliye kwenye orodha hatoki nje ya nchi. Simu ikilia wakati wowote anatakiwa afike hospitali ya Birmingham kwa saa chache tu, muda kama wa kwenda Nungwi na kurudi, na akichelewa anapewa mwingine. Inaweza kulia kesho, inaweza isilie. Ikilia na figo ikakubali, baadaye kuna daktari wa kuonana naye maisha yote. Nilikaa nimeliweka hilo moyoni kwa sababu nilijua chumba kinafagiwa. Mtu akifagiliwa chumba miaka thelathini na tisa anashindwa kuandika sentensi fupi.

Sirudi, dada. Nilianza kuandika "kwa sasa", nikaifuta.

Suhail mpe chumba. Kitanda kile ni kifupi, wakati wa baba watu walikuwa wafupi, mnunulie kingine. Kwenye kabati la ukutani mna shati langu la skuli na redio iliyokufa. Usimwachie aitengeneze, hatatoka tena.

Kama walii ninayo haki ya kuuliza huyu ni mtu wa tabia gani, na safari hii nimejibiwa. Ishaka anasema ni mtu ambaye ukimwuliza saa ngapi, anakuambia kwanza kwamba saa yake inakwenda mbele dakika tano. Imenitosha.

Karatasi tuliiandika jana jioni nyumbani kwa Ishaka, baada ya mimi kutoka nilikokuwa. Mashahidi ni yeye na Sahal, Msomali mwenye duka la simu chini yake. Kishore alikasirika kwamba amenizungusha miji mitatu kisha ushahidi hatakiwi. Tukampa kazi ya kushika karatasi isijikunje.

Tulikwama mahali pamoja. Kadhi anataka makaazi. Tangu nifike nchi hii, kila karatasi iliyoniuliza mkaazi wa wapi nimeandika Kikwajuni, kisha nikatia anwani ya hapa chini yake kwa herufi ndogo, kama mtu aliyeshuka kununua maji na meli inamsubiri. Hata benki wanaiona hivyo. Kalamu ikasimama. Ishaka akasema, "Ami, andika tu chochote." Kishore akasema, "Ukiandika kule unakohamia ni uongo, bado hujahama." Nikamwambia itakaposomwa nitakuwa nimeshahama.

Fungeni ndoa Ijumaa ya tarehe mosi Machi, baada ya sala. Ijumaa niko nyumbani. Mwambie mtu aweke simu karibu na mkeka, na nyumba nzima ikohoe ikitaka.

Karatasi ndiyo hii.

Nduguyo,
Makungu


Bismillahi Rahmani Rahim.

Mimi, Makungu bin Haji Mcha, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja wa Mwanakhamis binti Haji Mcha, na walii wake, nikiwa na akili zangu timamu na kwa ridhaa yangu, namweka Kadhi kuwa wakala wangu amuozeshe dada yangu huyo kwa Suhail bin Abeid, kwa mahari waliyokubaliana wenyewe, nyumbani kwake Kikwajuni, ambako wataishi.

Ameridhia yeye, na mimi nimeridhia.

Makungu bin Haji Mcha,
mkaazi wa Stourport, Uingereza.